Presha ya Jicho Iliyokataa Kushuka Baada ya Upasuaji wa Retina: Mwongozo Kamili wa Leza kwa Mgonjwa wa Tabora na Kigoma

Mzee alikuja na basi la asubuhi kutoka Urambo, jicho la kulia kalifunga kwa kipande cha khanga ya mkewe. Miezi minne nyuma alikuwa amefanyiwa Dar es Salaam upasuaji wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na ulikwenda vizuri: akaanza kuona vidole, baadaye nyuso. Sasa jicho lilikuwa linamuuma mpaka utosini, usingizi hana. Akatoa mfukoni mwa shati chupa tatu za matone na karatasi ya vidonge, akazipanga mezani kama mtu anayelipa deni. Nikampima. Presha 44. Jicho lenye afya huwa kati ya 10 na 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki.

"Binti yangu, dawa natumia zote hizi. Au ndiyo basi tena?"

Haikuwa basi. Alikwenda kupigwa leza, na nitamrudia huko mbele. Mimi ni muuguzi wa macho, mzaliwa wa Ujiji ambaye kazi imemleta Tabora, na nimeandika haya kwa ajili ya mgonjwa kama yeye na kwa ajili ya yule anayemshika mkono. Kilichonisukuma ni hiki: leza yenyewe ni kazi ya dakika chache, lakini nimeona macho mengi yakipotea katika wiki za kabla yake na wiki za baada yake, huku nyumbani, mbali na mashine.

Kwanza, nini kinatokea ndani ya jicho

Jicho linatengeneza maji yake, ambayo ni tofauti na machozi. Nyuma ya airisi, ile duara yenye rangi, kuna pete ya nyama laini inayoitwa siliari. Hiyo ndiyo bomba. Maji yakitoka hapo hupita kwenye mboni, yakafika mbele, halafu yanatokea kwenye chujio dogo lililo konani, pale airisi inapokutana na konea, kioo cha mbele cha jicho. Bomba linatoa, chujio linapitisha, presha inatulia.

Baada ya upasuaji wa retina, mara nyingi kinachoharibika ni njia ya kutokea. Maji hayatoki, jicho linajaa, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakandamizwa na kufa kidogo kidogo. Hiyo ndiyo glakoma, na huku kwetu wengi wanaiita presha ya macho. Haina uhusiano wa moja kwa moja na presha ya damu, ingawa kila wiki lazima mtu aniulize kama apunguze chumvi.

Leza ninayoieleza hapa haizibui chujio. Inapunguza bomba: inachoma sehemu ya siliari ili itengeneze maji kidogo kuliko zamani. Ukilishika hilo, mengine yote yatakuwa rahisi. Na jambo moja uambiwe mapema kabla hujauza mbuzi: uoni uliokwisha kuchukuliwa na glakoma haurudi. Tunapigania uliobaki, au tunapigania maumivu yaishe.

Hatua ya 1: Jua umewekewa nini ndani ya jicho

Siku ya kuruhusiwa baada ya upasuaji wa retina, uliza swali moja kabla ya mengine yote: "Nimewekewa gesi au mafuta?" Liandikwe kwenye karatasi, na usiridhike na kuambiwa kwa mdomo tu.

Gesi huwekwa ili kuibana retina ukutani mpaka ishike. Hewa ya kawaida hunywewa na jicho kwa siku chache, gesi ya SF6 inakaa kama wiki mbili, na C3F8 inaweza kukaa hadi wiki nane. Shida ya gesi ni kwamba ukipanda juu, nayo inavimba. Kila mtu ameshaambiwa asipande ndege. Wachache wanaambiwa kuhusu basi na treni. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Tabora iko kama mita 1,200 juu yake. Hata anayekwenda Kigoma, ambako ziwani ni chini kidogo, lazima avuke uwanda huu wa kati. Ukitokea Moshi kwa gari unapita Singida, ambayo iko juu zaidi kuliko Tabora. Jicho lenye gesi nyingi, likipandishwa namna hiyo kwa saa chache, presha inaweza kuruka ghafla na kuua neva njiani. Kwa hiyo mwambie daktari wazi unakoishi na ni juu kiasi gani. Kama una gesi, ukae kwa ndugu mpaka akuruhusu. Na kama utahitaji upasuaji mwingine wowote kabla gesi haijaisha, hata wa henia, mtoa usingizi aambiwe, maana gesi ya usingizi ya naitrasi oksaidi huivimbisha ile iliyo jichoni.

Mafuta ya silikoni hayajali mwinuko. Unasafiri nayo bila hofu hiyo. Yana hila nyingine, ya polepole. Yamekuwa yakitumika kwenye macho tangu 1962, na kawaida hutolewa baada ya miezi kadhaa retina ikishatulia. Yakikaa mno huvunjikavunjika kuwa matone madogo kama povu, yakaenda kuziba chujio. Hili unaweza hata kuliona kwa tochi. Mwambie mgonjwa akae wima, mulika kwa pembeni, tazama sehemu ya juu ya airisi. Usaha hutuama chini, lakini mafuta huelea, kwa hiyo ukiona kijimwezi cheupe kimening'inia juu, hayo ni mafuta yaliyovunjika na kuja mbele. Nimemkuta mama mmoja wa Kaliua amepewa dawa ya usaha kwa wiki tatu kwa sababu ya kijimwezi hicho. Hakuna aliyejiuliza kwa nini usaha huo unaelea.

Kama tarehe ya kutoa mafuta ilikuwa imepangwa, usiiache ipite kwa sababu jicho haliumi.

Hatua ya 2: Pima, na pima kwa kifaa sahihi

Presha inaweza kupanda siku ya kwanza baada ya upasuaji, wiki ya tatu, au mwaka wa pili. Ikipanda polepole haiumi. Ndiyo maana kupima ni lazima hata kama jicho limetulia: siku inayofuata upasuaji, baada ya wiki moja, baada ya mwezi, kisha kwa ratiba ya daktari.

Dalili za hatari, zile za kukutoa nyumbani siku hiyohiyo bila kusubiri kliniki ya Jumanne, ni maumivu ya jicho yanayopanda kichwani, kutapika, ukungu wa ghafla, miduara ya rangi kuzunguka taa, na wekundu mkali. Kutapika kunadanganya wengi. Mgonjwa anapelekwa kutibiwa malaria au tumbo, na jicho limesahaulika chini ya kitambaa.

Kuhusu kifaa. Kile cha zamani cha chuma, chenye uzito mdogo na mshale, kinachowekwa juu ya jicho mgonjwa akiwa amelala, hakiaminiki kwa jicho lililofanyiwa upasuaji wa retina, na kwenye jicho lenye gesi husoma chini kuliko ukweli. Kituo kimoja kiliwahi kumpima baba yangu mdogo kwa kifaa hicho na kumwandikia 19. Nilipompima mwenyewe kesho yake kwa kifaa cha kwenye darubini ilikuwa 38. Sikulala usiku ule. Uliza basi, kwa adabu: "Samahani daktari, mnapima kwa kile cha kwenye darubini au kile kidogo cha kugusa?" Vyote viwili hivyo ni afadhali. Na usilibonyeze kwa vidole jicho lililotoka kupasuliwa kutaka kujua kama ni gumu.

Nunua daftari dogo. Tarehe, saa, presha ya jicho la kulia, ya kushoto, kifaa kilichotumika, dawa za siku hiyo. Daktari bingwa akilifungua daftari hilo anajua kwa dakika moja kitu ambacho barua tatu za rufaa hazijamwambia.

Hatua ya 3: Hakikisha ukaidi ni wa presha, wala si wa matone

Presha huitwa sugu pale dawa zote zinazofaa zimetumika sawasawa na bado haishuki. Neno "sawasawa" ndilo lenye kazi. Mtu akiniambia matone yameshindwa, namwomba ajitie mbele yangu. Yule mzee wa Urambo aliinamisha kichwa nyuma, mkono ukatetemeka, tone la kwanza likaanguka kwenye nyusi, la pili shavuni, la tatu likaingia. Chupa ya mwezi ilikuwa inaisha siku kumi.

Fanya hivi. Nawa mikono. Lala chali kitandani kwa dakika hizo chache, ni rahisi kuliko kukaa. Vuta kope la chini liwe kama mfuko, dondosha tone moja tu, ncha ya chupa isiguse kope. Funga jicho taratibu bila kulikaza, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani, karibu na pua, dakika mbili. Hapo ndipo mlango wa mfereji unaopeleka dawa puani na kooni. Ukiuziba, dawa inabaki jichoni. Subiri dakika tano kabla ya chupa ya pili, la sivyo tone la pili linalifukuza la kwanza. Mkono ukitetemeka, mpe mjukuu mmoja kazi hiyo. Mmoja, maana wakipewa wote kila mtu atadhani mwenzake ameshatia.

Dawa zenyewe ni za makundi tofauti. Timololi hupunguza bomba, asubuhi na jioni, lakini mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole aseme kabla ya kupewa. Dozolamidi na brimonidini huongezwa juu yake. Latanoprosti hutiwa usiku mara moja. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka friji, ikishafunguliwa inakaa nje wiki sita mahali pasipozidi nyuzi 25, na kwa joto la Kigoma mchana, kuiweka dirishani ni kuitupa. Halafu kuna vidonge vya asetazolamidi, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Diamox. Vinashusha presha haraka, lakini vinafanya vidole viwe na ganzi, vinakukojoza, vinapunguza potasiamu mwilini, na mwenye sikoseli, ugonjwa wa figo au aliyewahi kudhuriwa na dawa za salfa lazima aseme. Pia vinaharibu ladha ya soda. Mzee wa Urambo alikuwa anagombana na mwenye duka kwamba anamuuzia soda iliyopoa gesi.

Kwetu Ujiji nawafundisha wagonjwa kufunga matone na sala: ya asubuhi baada ya alfajiri, ya jioni baada ya magharibi, latanoprosti baada ya isha. Ramadhani wengi huacha kimyakimya. Masheikh wengi niliowasikia wanasema tone la jicho halibatilishi funga, na ukibonyeza ile kona ya pua hata ladha yake huisikii kooni. Muulize sheikhe wako kabla ya mwezi kuandama, usisubiri presha ifike 40.

Na asali. Najua niko Tabora, na ninajua nitakachoambiwa. Asali yetu ni nzuri kwenye chai. Kwenye jicho lenye mishono ni uchafu mtamu.

Hatua ya 4: Itafutwe sababu kabla ya leza

Daktari mzuri hakimbilii leza. Kwanza anauliza kwa nini presha imepanda, kwa sababu baadhi ya sababu zina tiba yake na leza ya bomba ingekuwa kosa.

Matone ya steroidi, deksamethasoni au prednisoloni, hutolewa kwa karibu kila mtu baada ya upasuaji wa retina ili kutuliza uvimbe. Kwa baadhi ya watu yenyewe ndiyo yanayopandisha presha, mara nyingi baada ya wiki mbili hadi sita. Hapo dawa ni kuyapunguza kwa utaratibu au kubadilisha aina. Usiyaache mwenyewe ghafla. Wala usiendelee kuyanunua dukani kwa sababu "yale ya mwanzo yalinisaidia". Nimeona chupa hizo zikinunuliwa mwaka mzima.

Kama lenzi ilitolewa na mafuta yakawekwa, mpasuaji hutoboa tundu dogo upande wa chini wa airisi. Mafuta huelea, kwa hiyo maji ya jicho hupita chini. Tundu likizibwa na utando, mafuta yanasukumwa mbele na presha inapanda kwa kishindo. Kulifungua tena kunaweza kuwa kazi ya dakika tano kwa leza nyingine kabisa. Mafuta yakiwa yamezidi au yamevunjika, yatolewe, ingawa niseme ukweli kwamba kuyatoa hakushushi presha kila mara. Chujio likishaharibika limeharibika. Mkanda uliofungwa kuzunguka jicho wakati wa upasuaji nao unaweza kuwa umebana.

Halafu kuna mwenye kisukari. Retina yake ikikosa damu huotesha mishipa mipya juu ya airisi na konani, ikafunika chujio kama magugu yanavyofunika mfereji. Huyu anahitaji sindano ya dawa ya kukausha mishipa hiyo, pamoja na leza ya retina. Ukipunguza bomba tu ukaiacha mishipa, umefanya nusu ya kazi.

Hatua ya 5: Ujue ni leza ipi

Hapa ndipo panapochanganya watu, kwa sababu mitaani zote ni "leza". Mwenye kisukari alipigwa leza ya retina. Jirani aliyetolewa mtoto wa jicho alipigwa leza ya kusafisha utando nyuma ya lenzi. Kuna ya tatu inayolenga chujio. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC Moshi na kuchapishwa 2021 ulionyesha kwamba kwa glakoma ya kawaida leza hiyo ilifanya vizuri kuliko timololi baada ya mwaka mmoja. Habari njema kwa nchi yetu, lakini kwa jicho lenye chujio lililojaa mafuta au lililofungwa na makovu haitusaidii.

Yetu ni ya nne, leza ya siliari. Inayotumika zaidi ni ya dayodi, yenye mwanga wa nanomita 810, mwanga ambao jicho la binadamu halioni vizuri lakini rangi nyeusi ya siliari inaumeza na kuwa joto. Haikati. Mwanga unapita kwenye ukuta mweupe wa jicho na kuchoma kilicho ndani. Kuna mtindo mpya unaotoa mwanga kwa midundo mifupi yenye vipumziko, na ni mpole zaidi. Kuna pia ya kuingiza kamera ndogo ndani ya jicho na kuchoma huku daktari anaona, lakini hiyo ni ya chumba chenye vifaa vingi.

Kwa nini isiwe upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji? Kwa sababu ngozi nyembamba ya juu ya jicho imeshashikwa na makovu ya upasuaji wa kwanza, na tundu jipya huziba mapema. Kuna mrija unaopandikizwa, nao ni chaguo halali kwa jicho ambalo bado linaona vizuri. Uliza kuhusu vyote viwili. Zamani leza hii iliachiwa macho yaliyokwisha. Sasa baadhi ya madaktari huitumia mapema zaidi kwa nguvu ndogo, na wengine bado wanasita. Kusita kwao kuna sababu, nitaieleza.

Hatua ya 6: Rufaa na safari

Njia ya kawaida huanzia hospitali ya mkoa, Kitete kwa Tabora au Maweni kwa Kigoma, halafu juu: Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Muhimbili Dar es Salaam. Kama upasuaji wa retina ulifanyika mahali fulani, rudi hapohapo ikiwezekana. Faili lako lipo, na aliyelifungua jicho analijua.

Kabla ya kukata tiketi, piga simu kliniki na uulize mambo matatu. Je, mashine ya leza ya siliari inafanya kazi wiki hii? Je, kalamu yake ipo? Kalamu ndiyo inayogusa jicho, nayo huisha. Mashine bila kalamu ni mapambo. Na je, siku ya bingwa wa glakoma ni ipi? Kutoka Kigoma kwa treni mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Huendi huko kubahatisha.

Beba barua ya rufaa, karatasi ya kuruhusiwa ya upasuaji wa kwanza, daftari la presha, chupa zote hata zilizoisha, kadi ya bima, na orodha ya dawa nyingine unazotumia, hasa za kuyeyusha damu na za kisukari. Uliza bima inalipa nini na kalamu ya leza imo au haimo. Matone yaendelee safarini. Yawe kwenye mfuko wa mkononi, yasifungwe kwenye buti la basi. Panga kulala huko siku nane hivi, ili ukaguzi wa kesho yake na wa wiki usikupite.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kunywa chai au uje bila kula, wataamua wao kulingana na aina ya ganzi. Matone ya asubuhi tia kama kawaida isipokuwa umeambiwa usitie. Utasaini ridhaa, na jicho litawekwa alama juu ya uso. Angalia mwenyewe kama ni lenyewe.

Kinachouma ni sindano ya ganzi pembeni ya jicho, kama dakika moja. Ikishika, jicho linakuwa kama si lako. Daktari anaweka kalamu ukutani mwa jicho, kama milimita moja na robo nyuma ya ukingo wa konea, anakanyaga pedali, anasogea, anakanyaga tena. Kwa mtindo wa kawaida ni mapigo 15 hadi 20 au zaidi kidogo, kila moja sekunde mbili, kwa nguvu ya miliwati 1,500 hadi 2,000 hivi. Ukijumlisha, muda wa moto wenyewe haufiki hata dakika moja. Ukilichukulia jicho kama uso wa saa ya ukutani, upande wa saa 3 na wa saa 9 huachwa, maana hapo hupita neva na mishipa mirefu ya damu.

Utasikia sauti. Pu! Kama bisi ikipasuka sufuriani. Hiyo ni siliari ikichemka kupita kiasi, na daktari akiisikia hushusha nguvu kidogo mpaka inyamaze. Usishtuke ukaruka. Macho yetu meusi yanameza leza zaidi, kwa hiyo bisi hupasuka mapema. Tena wengi wetu tuna weusi kuzunguka ukingo wa konea, na weusi huo unaweza kuungua juujuu. Ndiyo maana utaona jicho linalowanishwa mara kwa mara na ncha ya kalamu inafutwa.

Jicho linafungwa mpaka kesho asubuhi. Unatembea mwenyewe kutoka, lakini uwe na mtu.

Hatua ya 8: Wiki sita za nyumbani

Ganzi ikiisha jicho litauma, kwa wengine usiku mmoja, kwa wengine siku tatu. Panadoli kwanza, ikishindwa rudi waongeze. Utapewa tena matone ya steroidi, safari hii kwa sababu halali, na atropini ya kupumzisha siliari, ambayo itafanya mboni iwe pana na mwanga ukuchome. Kofia pana ya shambani inafaa kuliko miwani ya barabarani.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Mgonjwa anajua amepigwa leza, basi anaacha matone ya presha. Leza haifanyi kazi siku hiyo. Uvimbe wa kuchomwa unaweza hata kupandisha presha siku za kwanza, na matokeo yenyewe husomeka baada ya wiki nne hadi sita. Endelea na kila chupa mpaka daktari aiondoe, na ataondoa moja moja, akianza mara nyingi na vidonge. Presha ipimwe kesho yake, baada ya wiki, na wiki ya nne hadi ya sita. Hiyo ya mwisho unaweza kuipimia mkoani ukampigia bingwa namba.

Mzee wa Urambo alirudi kwangu wiki ya sita na presha 17, matone mawili, vidonge vimesimamishwa. Alikaa chini ya mwembe nje ya kliniki akinywa soda, akaniita nije nione. "Huyu mwenye duka wa hapa," akasema, "ni mwaminifu kuliko wa kwetu."

Hatua ya 9: Mambo yakienda kombo

Sababu ya madaktari kusita ni kwamba siliari ikishachomwa haioti upya kama nyasi. Ukichoma kupita kiasi, maji hayatoshi, presha inashuka mno, jicho linalegea na mwishowe linaweza kusinyaa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa glakoma ya mishipa mipya. Ndiyo maana wengi huanza kidogo na kuwa tayari kurudia. Ukiambiwa urudi mara ya pili, usidhani mara ya kwanza walikosea. Uoni unaweza kupungua kidogo hata pasipo kosa. Liulizwe swali hilo kabla ya kusaini ridhaa.

Rudi haraka kama maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, jicho limekuwa laini na ukungu umezidi, damu imetuama mbele ya airisi, au usaha unatoka. Na kama jicho la pili, lile zima, likianza kuwa jekundu na kuona ukungu wiki au miezi baadaye, hiyo ni dharura. Hutokea kwa nadra sana kwamba kinga ya mwili, baada ya kuliona jicho moja limejeruhiwa, inalishambulia na jingine. Ikiwahiwa inatibika.

Raundi mbili au tatu zikishindwa, mrija hurudi mezani kama jicho bado lina uoni wa kuokoa. Kama halina na linauma tu, kuna sindano ya kuua maumivu nyuma ya jicho, na kuna kulitoa na kuweka la bandia. Wazee hulikataa neno hilo wakilisikia mara ya kwanza. Sibishani nao. Nawapa namba ya simu ya aliyefanyiwa, waongee wao kwa wao, halafu nasubiri.

Na jicho la pili lichunguzwe retina kila mara unapokwenda kliniki, mboni ikiwa imepanuliwa. Ukiona humo vimulimuli vya ghafla, vumbi jeusi linaloelea, au pazia linashuka pembeni, panda gari siku hiyohiyo.